Sayari Iliyopewa Sifuri

Nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Dutwa, na mwaka ule walimu wa somo tulikusanywa Lagangabilili kusahihisha mtihani wa pamoja wa kidato cha tatu. Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mkongwe aliyependa kuitwa mtaalamu. Kitabu cha mwisho nadhani alikisoma chuoni, akakifunga, akaona elimu nayo imefungwa.

Swali moja liliuliza kwa nini sayari kubwa za gesi ziko mbali na nyota yao. Msichana mmoja alieleza vizuri habari za jua letu, kisha akaongeza kwamba kwenye nyota nyingine yapo majitu kama Mshtarii, sayari yetu kubwa kuliko zote, yaliyosogea karibu mno, hata mwaka wao unakwisha kwa siku nne. Nilijua ni mwanafunzi wangu, maana habari hiyo niliitoa mimi darasani. Mtaalamu alimpa sifuri, kisha akawasomea wenzake lile jibu kwa sauti. Wakacheka, na wao wana digrii.

Nilimfuata nikamweleza kwa adabu asiyostahili. Sayari zile hazikuonwa kwa macho. Watu waliona nyota inayumba. Dume zito la ng'ombe likizunguka kwenye kamba fupi, nilimwambia, kigingi hutikisika, nawe utajua lipo hata kama hulioni. Nikamwambia pia jambo lililoniudhi tangu nilipolisoma: kwamba wataalamu wengine walikuwa na vipimo vyao tayari, ila hawakuhangaika kutafuta mtikisiko wa haraka, kwa sababu walishaamua kwamba jitu lazima lizunguke kwa miaka mingi. Wenzao walipotangaza ugunduzi ndipo wakafukua vipimo vyao, wakakuta sayari zimo. Ujinga wa msomi una subira sana.

Alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Mama, wewe unapika," akasema. "Gesi ukiisogeza motoni itabaki?"

"Jitu lile ni zito, linaishika gesi yake."

"Mwongozo haujasema hivyo."

Akarudi kwenye chapati zake. Sifuri ikabaki sifuri. Nilipomwambia msichana, hakulia. Aliuliza tu kama mtihani wa taifa nao utasahihishwa na yule mzee.

Mwaka uliofuata ilifanyika siku ya sayansi mjini Bariadi, nami nikawapeleka wanafunzi wangu. Aliyepanda jukwaani, suti imembana tumboni, ni mtaalamu yuleyule. Akawasha projekta, ukutani likatokea jitu jekundu limeikumbatia nyota. Akatangaza kwamba sayansi inabadilika, na mwalimu asiyebadilika anawaua watoto wetu. Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nilitazama viatu vyangu, nisije nikasema neno la kunifukuzisha kazi.

Yalipofika maswali, yule msichana alisimama, akamwamkia, akauliza jitu lile linazunguka nyota gani.

Mtaalamu aligeuka akaitazama picha, kana kwamba jina limeandikwa pale.

"Ni jua hili hili letu," akasema. "Liko karibu sana, ndiyo maana hatulioni."

Ukumbi ukapiga makofi, na mgeni rasmi akapiga kuliko wote. Msichana aliketi, akaniinamia.

"Mwalimu, naruhusiwa kucheka?"

Nilimwambia asubiri mgeni rasmi aondoke. Hakuweza, na mimi pia sikuweza.