Filamu Moja ya Ndugu Wawili

Verna Ojala aliwapikia watoto wa shule yetu kwa miaka thelathini na moja, akibeba masufuria ya moto kama mtu abebavyo vikombe, na muda wote huo sikuwahi kuona mikono yake ikisita. Ilisita asubuhi moja ya Februari, mbele ya kaunta yangu ya posta. Alikuwa ameweka bahasha nene juu ya mizani, lakini vidole bado vimeing'ang'ania.

"Verna, mizani inapima na mkono wako," nilimwambia.

"Najua, Marlys. Subiri kidogo."

Nilisubiri. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha na hapakuwa na mteja mwingine. Kilichokuwa ndani nilikijua: filamu moja ya kamera, ya picha nyeusi na nyeupe, ambayo bado haijasafishwa. Mji mzima ulijua.

Agosti iliyotangulia, mzee Urho Harju, mume wa marehemu dada yake Verna, alikutana na mdogo wake Melvin nyumbani kwa Verna. Ndugu hao walikuwa hawasemeshani kwa miaka ishirini na sita, tangu walipogombania shamba la baba yao pale kando ya ziwa. Melvin alikuja mwenyewe bila kuitwa, akijua kwamba kila Jumamosi Urho huenda kwa Verna kuoga sauna, kile kibanda cha mvuke wa moto. Wakaoga pamoja. Wakatoka wekundu, wakakaa barazani na taulo mabegani, wakala mkate wa iliki wakizungumza habari za samaki, kana kwamba waliachana juzi tu. Verna akachukua kamera yake ya zamani akawapiga picha. Watatu hao tu ndio waliokuwepo.

Desemba Melvin akafa kwa ugonjwa wa moyo. Huku kwetu kaskazini mwa Michigan ardhi ikishaganda haichimbiki, kwa hiyo ibada ilifanyika na mazishi yakawekwa Mei. Ibada ilipokwisha, Carol, binti yake Melvin, alimfuata Urho kwenye ngazi za kanisa akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mei asije. Urho akamweleza kuwa walikwisha kupatana.

"Baba mkubwa, baba hakunitajia hilo hata mara moja," Carol alisema. "Usimsingizie kwa kuwa hawezi kukujibu."

Verna akaingilia kati, akasema yeye aliona kwa macho yake. Carol akamuuliza ni shahidi gani huyo ambaye ni shemeji wa mtu. Kisha akapanda gari lake akarudi kusini. Tangu siku hiyo Urho aliacha hata kwenda sauna.

Ikabaki filamu. Verna alikuwa ameitoa kwenye friza, ambako ilikaa miaka kumi na minane na muda wake wa kutumika ulikwisha zamani, na baada ya kuipiga aliirudisha humo humo bila haraka, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba Melvin angekufa. Duka la dawa lililokuwa likipokea filamu mjini liliacha kazi hiyo kitambo. Anayetaka kusafisha picha sasa huzituma kwa posta, kwa watu asiowajua, na wakiharibu wameharibu.

Verna hakukurupuka. Wakati wa Krismasi alinunua filamu mbili mpya, akapiga ghala lake la kuni, mbwa wangu, na mimi nikiwa nyuma ya kaunta, akazituma kwa maabara mbili tofauti za kusafisha picha ili aone ipi ya kuaminika. Ya kwanza, iliyojisifu sana mtandaoni, ilikaa wiki sita. Filamu ikarudi imekwaruzwa mwanzo hadi mwisho, na kati ya picha zake kulikuwa na tano za harusi ya watu wengine. Alipopiga simu, mashine ikamjibu. Nilimwona akimtazama kwa muda mrefu yule bibi harusi asiyemjua, halafu akasema polepole kwamba huenda na huyo naye anamtazama mbwa wangu mahali fulani.

Ya pili iliendeshwa na mwanamke mmoja na mumewe katika mji mdogo wa Ohio. Filamu ilirudi baada ya siku tisa, safi, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mbwa amependeza, na nambari ya simu ni hii kama kuna swali. Jina la mwanamke huyo ni Gwen.

Basi ile bahasha ilikuwa inakwenda kwake. Mwishowe Verna aliiachia. Niligonga muhuri naye akautazama mkono wangu kama anayeshuhudia mtoto akichomwa sindano.

Siku sita baadaye alikuwa tena kwangu, maana simu yake hushika mtandao vizuri karibu na dirisha la posta, nayo ikalia. Masikio yake si mazuri sana, hivyo akaweka sauti ya nje na sote wawili tukasikia.

Gwen alieleza kwamba filamu imezeeka na hawezi kujua ikae kwenye dawa dakika ngapi. Ikitolewa mapema picha hazitaonekana, ikichelewa itakuwa nyeusi tupu. Njia salama ni kukata kipande cha mwanzo gizani, kukijaribu peke yake, kisha kupanga muda wa filamu iliyobaki.

"Ila picha zilizo kwenye kipande hicho zinaweza kupotea," alisema. "Nikate au nisikate?"

"Ukikata unachukua picha ngapi?"

"Tatu. Pengine nne. Siwezi kuona ninapokata, mama. Mwanzoni mwa filamu kuna nini?"

Verna alifumba macho. Alikuwa na hakika, alisema, kwamba mwanzoni ni mahafali ya mjukuu wake mwezi wa Juni, na ndugu wale wako katikati. Kisha hakuwa na hakika tena. Kiangazi kile alitumia filamu mbili. Mahafali yangeweza kuwa kwenye ile nyingine, iliyompotea kabla ya kusafishwa. Upande wa pili Gwen alingoja bila kumsukuma.

"Humo kuna marehemu," Verna akasema mwishowe. "Sina nyingine. Kata, lakini kata kidogo."

Siku kumi na moja hakulala vizuri, na mimi kila asubuhi nilipekua magunia ya barua kabla hata ya kuvua koti. Bahasha ilipofika sikumngoja aje. Nilifunga posta saa ya chakula cha mchana, nikampitia, tukaenda kwa Urho. Mzee alisafisha meza ya jikoni kwa kitambaa mara mbili. Verna akafungua kwa kisu.

Juu kulikuwa na karatasi ya Gwen. Aliandika kwamba kwa kawaida hukata upana wa kiganja, lakini kwa jinsi alivyomsikia mama yule kwenye simu alikata vidole viwili tu. Kipande chenyewe alikiweka pia. Verna alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa mahafali. Ilikuwa Melvin, nusu ya mwili, ameketi barazani na taulo lake, na kisu cha Gwen kimempitia begani.

Ndugu walikuwa mwanzoni kabisa. Verna alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Zilizofuata zilikuwa na chembechembe na ukungu pembeni, lakini nyuso zilikuwa nyuso. Picha nane. Katika ya sita Melvin ameweka mkono wake shingoni mwa kaka yake, nyuma, kama watu wanavyomshika ndama, na Urho anacheka hali amefumba macho. Urho aliivuta ile picha karibu, akaisukuma mbali, akaivuta tena.

"Mkono wake ulikuwa wa moto," alisema.

Tulimtumia Carol nakala zote nane. Wiki tatu hakujibu, nasi tukakata tamaa. Kisha akampigia Urho. Hakuomba radhi. Alimuuliza samaki gani walikuwa wakiwazungumzia siku ile, na mzee akamweleza kwa nusu saa nzima. Mwisho Carol akamwambia mazishi ni saa nne asubuhi, na avae buti, kwa sababu makaburini Mei kuna matope.