Safari ya Kisumu Niliyoiahirisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Mkuu wa Kitengo cha Picha, katika ofisi ya habari iliyoniajiri hapa Mwanza, alinipeleka chumba cha giza, chumba kisicho na dirisha tulimosafishia filamu kwa dawa. Akaniambia, "Binti, jifunze kwanza kusubiri picha itokee."

Somo hilo nililishika vizuri mno.

Nikapangiwa Sengerema, miaka ya kuvuka kwa kivuko na begi la lenzi mapajani, kwenda kupiga picha za viongozi wakikata utepe. Niliporudishwa Mwanza, nikakutana mwaloni, kwenye soko la samaki, na Akinyi, mama wa Kisumu aliyekuja kununua dagaa.

"Dada," akaniambia, "mama yangu anasuka migono, ile mitego ya samaki ya matete. Kijijini kwetu amebaki yeye peke yake. Njoo umpige picha."

Hapo ndoto ikanianza: nizunguke ziwa lote, Kisumu hadi Jinja, nipige picha mikono ya watu wenye kazi zisizo na mrithi. Nikaandika barua ya kuomba likizo. Mkuu akairudisha. "Kisumu si mkoa wetu," akasema.

Mkuu aliyemfuatia alikuwa muungwana. Alinipa wiki mbili, na pasipoti nikapata. Siku tatu kabla ya safari akaniita. "Kuna ziara kubwa inakuja. Nami nahamishwa. Ukibaki, ukuu wa kitengo ni wako. Ukienda, sitakuzuia."

Nilibaki. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikampigia Akinyi simu: mwambie mama nitakuja mvua zikiisha. Mvua zikaisha, shughuli za cheo hazikuisha. Siku moja akapiga yeye.

"Mama ametutoka. Matete alishakata, yamekaukia uani. Kila tulipomwambia asuke, alisema, 'Mgeni wangu hajafika.'"

Nilipostaafu ndipo nikaenda Kisumu. Akinyi alinipokea kama ndugu yake. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikamwomba ashike matete nimpige walau picha moja, aonyeshe alivyokuwa akifanya mama yake. Akayageuza mikononi, akayageuza tena.

"Sijui alikuwa anaanzia wapi," akasema.

Nikafunika lenzi.

Vijana mnakuja kwangu Pasiansi, mnaniamkia, mnaniuliza kamera ipi ni bora. Mimi nawaonyesha makabati. Yamejaa watu wanaokata utepe, na wengi wao hata majina siyakumbuki. Picha ya yule mama sina.

Jinja, nasikia, yuko mzee anayeshona mitumbwi kwa kamba bila kutumia msumari. Jicho langu la kushoto lina ukungu, na daktari amenipangia upasuaji wiki ijayo. Nimemwambia anitafutie tarehe nyingine, wiki ijayo sitakuwepo.