Kikohozi cha Guka

Nilipokuwa na miaka tisa, huko kwetu Kuresoi, kulikuwa na nyumba moja bomani ambayo mtoto hakuruhusiwa hata kuegemea ukuta wake. Ilikuwa ya marehemu guka, babu yangu mzaa baba. Alifia humo baada ya kukohoa kwa muda mrefu, akikonda hadi pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni yenyewe. Baada ya mazishi, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Shosho, aliifunga kwa kufuli. Alituambia kwamba kikohozi cha mtu hakizikwi naye. Hubaki kitandani mwake kikisubiri, na atakayelala pale atakirithi.

Tulimwamini. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili hatukukosa, lakini tulimwamini.

Asiyeamini alikuwa Ankal Ndung'u, mdogo wake baba. Ndiye aliyemuuguza guka miezi ile ya mwisho, akimbeba mgongoni kila asubuhi kumtoa nje aote jua. Tulipomzika guka, ankal alienda Olkaria kufanya kibarua kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Kazi ilipoisha alirudi kulima viazi, na kwa kuwa nyumba zingine zilikuwa zimejaa, alivunja kufuli, akafagia, akalala kwenye kitanda cha baba yake. Shosho hakumgombeza. Alimwambia tu, "Umejiitia mwenyewe."

Kabla mahindi hayajakomaa, ankal alianza kukohoa. Usiku alitoka jasho licha ya baridi ya kwetu, na suruali zake akawa anazifunga kwa kamba ya katani. Hakuna aliyeshangaa. Wazee waliitwa, kondoo akachinjwa, kikohozi kikaendelea. Chakula chake tukawa tunakiweka juu ya jiwe mbele ya mlango, na mara nyingi aliyetumwa ni mimi. Siku moja aliniita niingie nimwambie habari za shule. Niliacha sahani pale nje nikakimbia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa wiki kadhaa hakuna mtu aliyekuwa ameketi naye.

Aliyeingia ni Mama Chebet, jirani ambaye shamba lake lilipakana na letu. Serikali ilikuwa imefunza watu wachache kila kijiji kuwatafuta wenye kifua kikuu, naye alikuwa mmoja wao. Alikuja na vikopo vya plastiki ndani ya mfuko wa sukari. Shosho alimweleza habari za kitanda kwa urefu, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Mama, sitabishana na wewe juu ya laana," alisema. "Wacha kijana akohoe ndani ya hiki kikopo nipeleke hospitali. Wakikosa kuona kitu, nitanyamaza."

Walikiona. Tangu siku hiyo Mama Chebet alifika kila asubuhi, akitoka kukamua, kumtazama ankal akimeza dawa. Kisha akasema kila mtu wa boma lile lazima apimwe.

Shosho alikataa. Alisema kikohozi chake ni cha moshi, na kweli alikuwa amekohoa muda mrefu hivi kwamba sisi watoto tulijua alipo kwa kukisikia. Baba alimsihi mara mbili bila kufaulu. Mara ya tatu ni ankal aliyesimama mbele yake. "Mama, mimi nilikohoa kwa kikopo ukiniangalia. Sasa ni wewe."

Alikichukua, akaenda nyuma ya jikoni peke yake.

Naye alikuwa na kifua kikuu. Muda wote tuliokatazwa kusogelea nyumba ya guka, jioni zetu tulizimaliza jikoni kwa Shosho, dirisha likiwa limezibwa kwa gunia kuzuia baridi, tukiwa tumembana magotini. Mdogo wangu wa miaka mitatu alipewa dawa ya kumkinga. Wengine hatukupatikana na kitu.

Mama na mwana walimeza dawa miezi sita. Dawa zilipougeuza mkojo wa Shosho rangi ya chungwa alisema ndiyo laana inatoka, na Mama Chebet alimwacha aamini hivyo, mradi anameza. Wote wawili walipona. Ankal hadi leo analima.

Nilipofika sekondari, Mama Chebet alinieleza kwamba kitanda hakikuwa na kosa. Ankal huenda aliupata ugonjwa alipokuwa akimbeba baba yake, ukalala ndani yake kabla ya kuamka. Kwa hiyo onyo la Shosho lilitimia, ingawa halikuwa kweli. Kwa miaka mingi nililichukulia kama kosa la mtu ambaye hakusoma.

Lakini karibu na mwisho wake, akiwa mkongwe na akili zake timamu, tulikuwa tukimenya viazi wawili tu, akasema bila kuulizwa, "Nilianza kukohoa guka yako akiwa bado hai. Nilisema ni nyumba, kwa sababu singeweza kusema ni mimi."

Tukaendelea kumenya. Sasa mimi ni mama, na nikifikiria siku ile simwoni tena kama mjinga. Namwona mwanamke aliyemzika mumewe huku akijua kinachomngoja, na ambaye hakuwa amesikia popote kwamba kina dawa.