Jibu Ambalo Mwantum Hakuliandika

Hebu mwone Mwantum akiingia mtaa wa maduka wa Asiatique saa nne asubuhi. Kanga imemteleza kichwani na hana habari nayo. Tableti ameibana kwapani kama kuku anayetaka kutoroka. Fundi cherehani huyu wa mtaa wa Jabe siku nyingine angeshika kila kitenge njiani, lakini leo hageuzi shingo. Anakwenda duka moja tu, la vipuri, la shemeji yake Rachid.

Tableti hiyo, wapenzi wangu, alinunuliwa na bintiye Sumaya, anayesomea uuguzi Kigoma, ili wapigiane na kuandikiana. Haina mahali pa kutia laini. Programu ya ujumbe ikadai namba ya simu, itume tarakimu sita za kuthibitisha, na simu ya Mwantum ilikuwa imezama kwenye beseni la nguo. Rachid akamwambia, "Tumia namba yangu ya pili, shemeji. Mi siitumii." Tarakimu zikaingia kwake, akamsomea, mambo yakaenda mwaka mzima.

Jana jioni Sumaya aliandika: "Mama, Amissi anataka kuleta posa. Unasemaje?" Mwantum akasema atajibu kesho, akili ikitulia. Asubuhi akakuta jibu limeshatoka, kwa jina lake na picha yake: "Kubali, binti. Nimeridhika."

"Asalaam aleikum, shemeji," Rachid akamkaribisha.

"Salamu zako kaa nazo! Nani kakutuma kuandika kwa jina langu?"

Rachid hata aibu hakuona. Kumbe tangu siku ile ya tarakimu alifungua akaunti ileile kwenye simu yake. "Nilitaka kuona tu kama inafanya kazi."

"Mwaka muzima unaona tu?"

"Mi ndiye walii wa Sumaya, wa kumuozesha. Kaka ni marehemu. Ndiyo ya huyu mutoto itatoka kwangu, upende usipende."

"Basi ungeitoa kwa mdomo wako! Walii gani anaiba mdomo wa mama? Mi nilitaka amalize masomo kwanza. Mwaka moja tu! Na we ulijua, maana kila sauti niliyomutumia ulikuwa unaisikiliza!"

Fundi mmoja wa magari, aliyekuja kununua buji ya injini, akajaribu: "Punguza sauti kidogo, mama."

"Apana! Mwambie huyu apunguze vidole!"

Hapo tableti ikalia. Na simu ya Rachid, juu ya meza, ikalia pamoja nayo. Sumaya. Rachid akanyoosha mkono.

"Gusa uone," Mwantum akasema, na mkono ukarudi.

Mwantum akapokea simu ya video. Binti alikuwa amevaa sare nyeupe, anacheka huku machozi yanamtoka. "Mama! Siku zote unanitumia sauti, leo umeniandikia. Nimelisoma jibu lako mara kumi. Nimeshamwambia Amissi ndiyo, wazee wake wanakuja Ijumaa!"

Rachid akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomchoma Mwantum kuliko ujumbe wenyewe. 

"Mama, si umeridhika kweli?"

Akisema kweli, anaivunja furaha ile kwa mkono wake. Akinyamaza, Rachid ameshamwamulia Sumaya kwa jina la mama yake, na ataendelea. Nyinyi mngekuwa mmeishika tableti ile, mngemjibu nini mtoto?