Mfano Nilioutoa Darasani

Niliusikia mnyororo kabla sijauona. Ulikuwa unakokotwa sakafuni, nyuma ya rafu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, na harufu ya chuma chenye kutu ikanirudisha darasani Iringa.

Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alikuwa ameandika ubaoni neno la Kiingereza, "unleash". "Ni kumfungulia mbwa mnyororo ili aende anakotumwa," alitueleza. "Nani ana mfano?"

Nilinyoosha kidole haraka, maana nilipenda sana kusifiwa. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba baba humfungulia mama mbwa akichelewa kurudi kutoka Ilula kuuza nyanya.

Darasa zima likaangua kicheko. "Kumbe mbwa wenu anapenda nyanya!" mmoja akanitania.

Mwalimu hakucheka. Chaki ilimkatikia mkononi. "Mwanangu, sentensi hiyo umeitoa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Jana."

Mpaka siku ile nilidhani kila nyumba ina mbwa wa namna hiyo.

Jioni alikuja kwetu. Alimkuta mama jikoni, akampandishia khanga hadi gotini, akayaona makovu ya meno ya mbwa. "Dada, twende kwangu. Sasa hivi, wewe na mtoto."

"Yeye aende," baba akasema bila kuinuka kitini, karibu na mlango. "Mtoto anabaki."

Mama alinitazama. Nilijua atakaa nami. Lakini akamfuata mwalimu nje akichechemea, na baba akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga nyuma yake.