Bibi Aliyefuma Kanda za Kichwa Chini ya Boma

Ijumaa iliyopita, muda mfupi baada ya swala ya mchana, jirani yangu alikuja hadi dirisha la ofisi ninakofanya kazi ya ukarani na ukalimani hapa boma la Arusha. Akaingiza mkono dirishani, akanishika bega. Nikajua. Bibi yule wa mtaa wetu, mjane wa askari, ambaye mji mzima ulimwita Bibi wa Sindano, ametangulia mbele ya haki. Alikula ndizi zake na maziwa ya mgando, akamwambia jirani kwamba anajilaza kidogo, akalala moja kwa moja. Wasomaji wangu mmezoea kusoma kwangu habari za mvua na madaraja yanayochukuliwa na Mto Themi, na leo mtaniwia radhi nikimzungumzia mtu. Jina lake sitaliandika. Aliwahi kuniambia mwenyewe, "Ukinitia gazetini, karani wangu, tia kazi yangu. Jina langu Mungu analijua." Na kama mtaona katika safu hii nacheka zaidi ya inavyompasa mfiwa, jueni kwamba hata makaburini tulicheka, na hakuna aliyetukemea.

Alipanda huku kutoka pwani akifuatana na mumewe, wakati boma lilipokuwa bado linanuka chokaa mbichi. Mume akafa kwa homa, na yeye badala ya kurudi Pangani akabaki, akajenga kibanda cha vyumba viwili chini ya boma, akawa anawapelekea mayai Wadachi, yaani Wajerumani, waliopewa mashamba upande wa mashariki wa Mlima Meru. Huko ndiko alikoiona kazi iliyomfanya ajulikane. Mama mmoja wa Kizungu, aliyetoka nchi ya theluji, alikuwa akikaa barazani akifuma sufu kwa sindano mbili ndefu. Bibi hakujua neno la Kidachi, na yule mama hakujua neno la Kiswahili. Basi bibi aliweka kapu chini, akachuchumaa, akatazama. Siku ya pili akatazama tena. Siku ya tatu yule mama akacheka, akafumua mistari miwili, akaifuma upya polepole ili macho ya mgeni wake yaweze kuifuata. Sindano za kwanza za bibi zilikuwa mbavu za mwavuli uliovunjika, alizopewa na Mhindi mwenye duka, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikalainika. Uzi wake ulitoka katika fulana kuukuu za sufu zilizowabana watoto wa wale Wadachi. Alizipata kwa mayai, akazifumua, akaosha uzi, akauanika juu ya ua. Hakufuma fulana wala soksi. Alifuma kitu kimoja tu: ukanda mpana wa kichwa, wenye mbavu mbavu zinazovutika, wa kufunika paji la uso na masikio. Akibandika maharage jikoni anaanza, na maharage yakifika kutiwa chumvi, ukanda umekwisha na mwenyewe ameshauvaa.

Nilimfahamu kwa sababu ya masikio yangu. Mtu aliyezaliwa pwani hajui masikio ni kitu gani mpaka auone mwezi wa saba wa Arusha, ukungu unaposhuka kutoka Meru na kukaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Kofia yangu ya kazi ilisimama juu ya kichwa kwa heshima zote, na masikio yalibaki nje yakiwaka. Nikampitia bibi asubuhi nikielekea kazini. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Masikio yako yamekuwa kama pilipili. Kaa hapa." Nikamwambia sina nafasi, saa ya baraza la mashauri imekaribia. Akasema nisubiri kidogo tu, atanifumia sasa hivi. Mimi, kwa ujuaji wa kijana mwenye kalamu, nikamtolea methali: haraka haraka haina baraka. Hakuinua hata macho. "Methali hiyo wameitunga watu wenu wa joto," alisema. "Mwenye baridi akingoja, baraka itamkuta ameshaugua." Alinipima kichwa kwa shubiri yake, mara mbili na vidole viwili, akaanza. Nilifika barazani nikiwa nimechelewa, lakini nina ukanda wa kijivu chini ya kofia na masikio ya moto kama mkate.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Shauri la kwanza lilikuwa la watu wawili majirani. Mshtaki akasimama, akaeleza kwa uchungu kwamba mwenzake ameingia nyumbani mwake akamchukulia mkeka. Sufu ile ilikuwa nzito, na mwisho wa neno haukunifikia. Nikamgeukia bwana mkubwa wa boma, nikamfasiria kwa Kidachi safi kwamba mtu huyu amechukuliwa mke. Bwana mkubwa akapiga meza. Akamuuliza mshtakiwa kama ni kweli, naye, kwa kuwa hakuwa mwizi mwenye aibu, akajibu, "Kweli, bwana, lakini nilikuta umekunjwa nyuma ya mlango, na tangu jana wameshaulalia watoto wangu wote." Hapo hata mimi nilianza kuona shauri limekaa vibaya. Watu waliojaa uani wakaangua kicheko, askari wa mlangoni akageukia ukuta mabega yakimtikisika, na mshtaki akapaza sauti, "Mkeka, karani! Mke wangu yupo nyumbani anapika!" Nilivua ukanda mbele ya baraza zima. Bwana mkubwa, ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake, aliyaonyesha siku ile.

Jioni nilimrudishia bibi ukanda wake nikiwa nimenuna. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akachukua sindano akaufumua wote palepale. "Kosa ni langu," alisema. "Nilipima kichwa, sikupima kazi. Wewe masikio yako ndiyo jembe lako." Akaufuma tena, na safari hii pale panapokaa masikio akaiachia mishono, ikawa na matundu kama wavu. Joto lilibaki, na maneno yalipita. Ukanda ule ninao hadi leo. Tangu siku ile sikumwona akianza kazi kabla ya kumuuliza mtu anafanya nini mchana kutwa. Mchunga ng'ombe alimfumia mwembamba juu ya masikio ili asikie kengele. Mama anayebeba mashada ya ndizi kichwani alimfumia mnene utosini. Nilikuja kuelewa kwamba wepesi wa vidole vyake ulikuwa na siri: alikwisha kufanya kazi ngumu, ile ya kumtazama mtu, kabla hajagusa uzi.

Lakini kanda hizo zisingevuka mtaa wetu kama si siku ya bibi harusi wa Oldonyo Sambu. Binti huyo wa Kiarusha alikuwa ameshuka na mama yake kutoka upande ule wa kaskazini wa mlima, wakafikia kwa shangazi yake karibu na Lemara, ambako upande wa bwana harusi ungekuja kumchukua. Asubuhi ya siku yenyewe, akitoka kwa kuinama katika mlango mfupi wa nyumba, pete ya shanga iliyoning'inia sikioni ilinasa kwenye fito. Yeye akaenda, pete ikabaki. Ndewe ya sikio, iliyotobolewa na kupanuliwa tangu utotoni kwa ajili ya mapambo, ikachanika mpaka chini. Asiyewajua watu wa huku atasema ni kidonda tu. Lakini kwao ndewe iliyochanika ni aibu kubwa, na kuchanika siku ya harusi ni neno ambalo wazee wanaweza kulikalia kikao. Mama yake alimkimbiza bomani kwa tabibu, akafungwa kitambaa cheupe kuzunguka kichwa. Nilipoitwa kufasiri nilimkuta binti ametulia, na mama ndiye analia. "Mtazame," aliniambia kwa Kimaa, lugha yao. "Nimpeleke kwa wakwe kama mtu aliyetoka vitani?"

Niliwachukua moja kwa moja hadi kwa bibi. Alikuwa anachambua mchicha. Nilipomweleza, alisukuma ungo pembeni, akamtazama binti kwa muda, akaniambia, "Muulize anataka kuficha au anataka kupendeza." Nikauliza. Binti akanijibu bila kusita, "Mwambie nataka kuolewa." Bibi akacheka. "Hapo umenizidi, mwanangu. Lakini tutajaribu." Akatoa uzi mwekundu aliokuwa ameuhifadhi, uliotoka katika shali moja ya zamani, akaanza kufuma kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Mama wa binti alikaa akatazama. Baadaye alisogea karibu, akafungua kifuko cha ngozi alichokivaa, akamwaga mapajani shanga nyeupe na za buluu. Akazitunga mojamoja kwenye uzi, akamnyooshea bibi uzi huo kiganjani. Bibi hakuwahi kufuma shanga maishani mwake. Akachukua ya kwanza, akaisukuma mpaka kwenye mshono, akaikaza, akakitazama alichofanya, akapiga kigelegele peke yake. Basi mmoja akitunga na mwingine akifuma, na mimi katikati nikiwafasiria maneno ambayo baada ya muda hawakuyahitaji tena.

Tulifika kwa shangazi na wageni wameshaketi. Ukanda ule mwekundu uliokaa juu ya masikio ya binti, na shanga zake zikimeta, ulizima mazungumzo yote. Mama wa bwana harusi akainuka, akaja kuutazama. Binti angeweza kabisa kunyamaza pale, na wengi wetu tuliomba kimoyomoyo anyamaze. Lakini binti alisema mwenyewe, kwa sauti iliyosikika hadi zizini, "Yeyo, mama yangu, chini ya huu sikio langu limechanika asubuhi ya leo. Nakuambia sasa, usije kusema kesho kwamba niliingia kwako nimejificha." Mama yake aliziba mdomo kwa mkono. Wazee wawili walitazamana. Mkwe yule alimtazama binti usoni, wala hakuugusa ukanda. Kisha akasema, "Sikio halichoti maji wala halikamui ng'ombe. Ulimi wako ndio nilitaka kuujua, na nimeusikia." Akageuka kwa watu wake. "Twendeni, njia ni ndefu." Halafu akakumbuka jambo, akarudi hatua mbili, akamnong'oneza shangazi kwa sauti tuliyoisikia sote: "Na huu ukanda, nani anautengeneza?"

Kabla mwezi haujaandama, wasichana wenye masikio mazima kabisa walikuwa wanateremka kutoka milimani kutafuta ukanda wa bibi harusi. Walikuja na shanga zao, wengine na sufu walizoomba kwa Maburu, walowezi waliotoka kusini, wanaofuga kondoo wa manyoya. Bibi angeweza kuwafumia na kubaki yeye tu ndiye mwenye sindano mjini. Mwenye duka alimshauri hivyo hivyo, kwa nia njema. Yeye alikusanya mbavu za miavuli kila zilipopatikana, akawaketisha uani kwake Waarusha, Wameru na watoto wa Kiswahili wa mtaani, akawaambia kwamba yeye hamfumii mtu aliye na mikono miwili. Hata mimi nilishikishwa sindano. Wenzangu wa ofisini waliponiona walisema mengi, lakini nilimfumia mke wangu ukanda, ukamkaa kombo, na anauvaa kila baridi.

Siku hizi, tangu reli ifike Moshi, bidhaa za meli zinatufikia kwa wingi, na madukani zimeanza kuonekana kanda za kichwa zilizofumwa kwa mashine, zote sawasawa kama mapacha. Wapo wanaosikitika kwamba kazi za mikono zitakufa. Nilimpelekea bibi ukanda mmoja wa aina hiyo, nikidhani atahuzunika. Aliupindua, akaunusa, akausifu rangi. Kesho yake nikamkuta ameufumua wote ili aone umeanzaje. "Wana akili," aliniambia, "ila mwisho wake wameufunga vibaya." Wiki hiyo alikuwa anawafundisha wasichana ule mshono wa mashine, akiwa ameurekebisha. Sijawahi kuona mtu asiyeogopa mabadiliko kwa namna ile. Sisi tuliosoma tunagawanyika: wengine tunalia kila kipya kinapoingia, wengine tunakivaa bila kukipindua tuone ndani. Yeye alikikaribisha, akakifungua, akachukua kilichomfaa.

Tulimzika siku ile ile, kabla ya jua kuzama. Wanaume wa mtaani walibeba jeneza, na kando ya njia walisimama watu wa pande zote za mlima waliokuwamo mjini siku ile, wengi wakiwa na kanda vichwani ingawa jua lilikuwa kali. Nilijaribu kuzitambua alizofuma yeye na nikashindwa, kwa kuwa nyingine zilikuwa nzuri kuliko zake. Hapo ndipo nilipopata neno ninalotaka kuwaachia. Kila mmoja wenu ana kazi ambayo vidole vyake vinaijua. Usingoje uzee, wala usiogope kupitwa na mwanafunzi wako. Mwite mtu wiki hii, umweke karibu, umwonyeshe polepole. Maana mwenye ujuzi akiuficha, siku ya kufa kwake watu huzika wawili, yeye na kazi yake. Sisi Ijumaa tulizika mmoja tu.