Koti la Baibín Linaanikwa Juani

Manyunyu yameanza tangu kulipopambazuka, na Dympna Conneely hana habari nayo. Amesimama uani nyuma ya nyumba yake, birika mkononi, analimwagia maji koti la twidi, kitambaa kizito cha sufu, ambalo mteja bado hajalilipia.

Mteja mwenyewe, mama mmoja aliyetoka Galway mjini na farasi wake ndani ya trela, amejishika mdomo. Dympna wala hamtazami. Analichukua koti lililolowa, analilaza kwenye shingo ya farasi, anarudi nyuma kidogo na kukunja uso.

"Kavu lilikuwa kijani, sasa limekuwa jeusi," anasema. "Na siku ya maonyesho ya farasi mvua itanyesha, tusidanganyane. Hebu tujaribu lile la kahawia."

Hivyo ndivyo koti la kupandia farasi linavyochaguliwa kwa Dympna, nje kidogo ya Clifden, pwani ya magharibi ya Ireland. Kioo anacho, kimeegemezwa ukutani nyuma ya mafurushi ya vitambaa, lakini hukivuta mwisho kabisa, mambo yakishaamuliwa. Anayetafutiwa koti ni farasi. Mpandaji atapunguziwa mikono ya koti baadaye.

"Jaji amekuja kumtazama farasi," anaeleza huku akikamua pindo. "Akianza kulitazama koti, umekwisha."

Farasi mwekundu hampi shida, wala wa hudhurungi. Mtihani ni farasi wa kijivu, na huku Connemara wengi ni hao. Huzaliwa na rangi nzito, kisha kila mwaka hupauka kidogo, mpaka uzeeni wanakuwa weupe pe. Watu hununua koti wakati wa baridi, chini ya taa, kwa farasi wanayemkumbuka kichwani. Agosti ikifika, mwezi wa maonyesho, koti na farasi hawajuani kabisa.

Dympna ana miaka sitini na sita. Ushonaji aliurithi kwa mama yake, aliyeshona twidi enzi ambazo mwanamume hakwenda kanisani bila koti, na kitambaa kililetwa na mfumaji mwenyewe akiwa amekibeba begani. Siku hizo chumba cha mbele kilikuwa hakina pa kukaa. Wateja walikunywa chai wamesimama, wakisutana juu ya farasi wa watu hadi mkate uishe.

Leo wengi huagiza makoti kwa simu. Dympna anaishi kwa kuuza yaliyokwisha kuvaliwa na kuyarekebisha. Wiki nzuri humpa euro mia mbili. "Februari napata salamu tu," anasema, na kucheka.

Lakini mwezi huu wa Mei lipo koti moja hapa ambalo haliuzwi. Liliingia likiwa ndani ya mfuko wa mbolea, kwapani mwa Festy Mulkerrin, jirani yake, mfuga kondoo aliyefiwa na mke miaka minane iliyopita. Aliliweka mezani bila kuvua kofia. Akasema binti yake, Nóirín, atampanda farasi wao, Smólach, mwezi wa Agosti katika shindano la farasi wazee, kwa hiyo apunguziwe mikono, basi.

Dympna alilijua hata kabla halijatoka mfukoni. Lilikuwa la Baibín, mke wa Festy na rafiki yake tangu utotoni. Alilishona Dympna mwenyewe kwa mikono yake.

Anaikumbuka siku walipokichagua kile kitambaa. Smólach alikuwa bado mbichi, miaka minne tu, kijivu kizito cha bluu, amejaa madoa kama yule ndege mdogo mwenye kifua cha madoa, ambaye kwa Kiayalandi huitwa smólach na ndiye aliyempa jina. Walibeba vitambaa kutoka kwa mama yake Dympna mpaka malishoni, wawili hao, wakiteleza matopeni na viatu vya kanisani. Baibín alitaka chenye mistari myekundu. Dympna akamwambia akivaa kile jaji atadhani zimamoto wamefika. Wakanuniana pale pale, mvua inawanyeshea, mpaka farasi akakishika kile cha mistari kwa meno na kukiburuta matopeni.

"Tulicheka tukakaa chini kwenye majani," anasema. "Basi tukachukua cha bluu. Mama aligomba wiki nzima kwa sababu ya kile kilichotafunwa."

Na kwa koti hilo Baibín alishinda mara nyingi. Dympna alikuwa akisimama naye penye kamba ya uwanja, akimtoa nyuzi begani kabla hajaingia. Tangu Baibín afariki, hajakanyaga tena kwenye maonyesho. Siku hiyo ikifika husema amechoka, na watu wanamwacha.

Siku Festy alipolileta, alilikunjua koti dirishani. Miaka yote minane lilining'inia kwenye msumari jikoni kwa Festy, kando ya dirisha, na Festy hakuruhusu mtu aliguse. Upande ulioelekea kioo ulikuwa umepauka, kijivu chepesi kama majivu. Upande ulioelekea ukuta ulikuwa bluu ile ile. Ukilivaa, utafikiri umeazimwa nusu na huyu, nusu na yule.

Kuingia nalo uwanjani hivyo haiwezekani, na Smólach ana miaka ishirini na minne. Hakuna anayesema, lakini kila mtu anajua kwamba Agosti nyingine hana.

Festy alikuwa na jibu lake. Alikumbuka wazee walivyokuwa wakifumua koti lililochakaa na kuligeuza, ndani kuwa nje, likashonwa upya. Dympna akafumua pindo kidogo, akafunua bitana. Ndani kitambaa kilikuwa kama siku ile malishoni. Festy alikitazama, akaanza kuhangaika na kofia yake.

"Ligeuze," alisema. "Liwe kama alivyoliacha."

Dympna anakiri kwamba alitamani kusema ndiyo. Mkasi tayari ulikuwa mkononi. Hakuna alichokitaka zaidi ya kuiona ile bluu ikizunguka uwanja mara moja tena, na kazi yenyewe anaiweza. Lakini ulimi ukamwendea kwenye maneno anayomwambia kila mteja. Akamwambia alete farasi.

Festy alikasirika kidogo. Alisema huyo farasi wanamjua wote wawili, na koti hili alichaguliwa yeye huyu huyu, sasa aletwe kufanya nini? "Wewe Dympna, utakuja kunipima na mimi kwa birika," alimwambia. Hata hivyo kesho yake alikuja naye, akimvuta kwa kamba, taratibu, maana magoti ya Smólach si ya kukimbizwa tena.

Dympna aliliweka koti shingoni, upande wa bluu juu. Likawa kama dirisha lililovunjika katika ukuta wa chokaa. Macho yalikwenda kwenye koti na kubaki huko. Farasi hakuonekana kabisa.

Kisha akaligeuza, upande uliopauka. Hapo shingo ya Smólach ikajitokeza, na kichwa, na yale masikio madogo. Koti likakaa kimya nyuma yake.

Festy alimpapasa farasi pale mbavuni palipokuwa na madoa, akawa anayatafuta kwa vidole.

"Amekuwa mweupe lini?" aliuliza.

"Pole pole, Festy," Dympna alimjibu. "Ulikuwa unamwona kila siku."

Mzee yule alilia pale uani, bila kujificha, na Dympna alilia naye. Halafu aliingia ndani kuweka chai, kwa sababu mtu halii hivyo kwenye baridi bila kupewa chai.

Hawakuligeuza ndani kuwa nje. Walikubaliana kwamba kilichofanywa na dirisha upande mmoja, kitafanywa na jua upande wa pili. Tangu siku hiyo koti la Baibín linaanikwa juu ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, upande wa bluu ukielekea kusini, ule uliopauka umefunikwa shuka nene. Dympna hulilowesha kwa maji baridi kila asubuhi, jua likitoka, ili rangi iachie upesi. Mvua ikija hulikimbilia.

Mvua huja mara nyingi. Majirani wameshaanza kumtania kwamba mwanamke anayetegemea jua la Connemara angeanza miaka kumi mapema. Lakini bega limeshaanza kulegea rangi. Festy hupita kila siku, eti anaangalia ua wa kondoo, ambao hauko upande huu kabisa. Hulisogeza koti kidogo, analirudisha, anatazama mawingu.

"Maisha yangu yote nimeomba jua kwa ajili ya majani ya kondoo," anasema. "Mwaka huu naomba kwa ajili ya koti. Padri ameniuliza kama niko sawa."

Uani, manyunyu yamekatika. Mama wa Galway ameridhika na koti la kahawia na anauliza kama sasa anaweza kujitazama kwenye kioo. Dympna anamwomba asubiri kidogo. Anaingia ndani, anatoka na koti la Baibín, anavuka majani yaliyolowa, analitandaza ukutani, anakung'uta bega kwa kiganja kama vile lina mtu ndani.

Agosti, anasema, atakwenda uwanjani. Atasimama pale pale penye kamba, na atamtoa Nóirín nyuzi begani.

"Nataka jaji amwone Smólach peke yake, asilione koti hata kidogo," anasema. "Koti nitaliona mimi."